Siku Nne Bila Msiba

Kwetu safari haitangazwi. Unakata tiketi kimya kimya, unafunga begi na mlango umeurudisha, na jirani anakuja kujua kuwa umeondoka siku anapokuja kuomba kitunguu asikukute. Mama yangu alikuwa hawaambii hata wanawe. Tuliamka asubuhi moja tukaambiwa mama yuko Pemba, na jana yake usiku tumekula naye sahani moja na ametugombeza kwa kuchelewa kuoga. Alisema jicho la mtu lina nguvu kuliko injini ya meli. Mimi nimeishi London miaka arubaini na ushei, nimejifunza kupanga foleni na kuzungumzia mvua na watu nisiowajua, lakini hilo la kuficha safari sikuliacha. Ningeliacha, nisingekuwa na haya ya kuandika.

Dada yangu aliishi Kopenhagen. Wa kike tulizaliwa wawili tu, yeye akinizidi miaka sita. Baada ya Mapinduzi ukoo wetu ulimwagika kama mchele wa gunia lililotoboka: huyu Muscat, yule Dubai, wengine Dar es Salaam, wengine mpaka leo hatujui walipoangukia. Dada aliolewa na baharia, baharia akashuka Denmark akapata kazi ya nchi kavu, na dada akamfuata. Mimi nilimfuata mume wangu London. Ndege kutoka hapa hadi kwake haichukui hata saa mbili. Hilo nalijua kuliko watu wengi, maana nilifanya kazi miaka ishirini na sita Hounslow, kwenye jiko linalopika chakula cha abiria wa ndege. Kazi yangu ilikuwa kupanga treya: kisahani cha nyama hapa, mkate pale, siagi, kijiko, kitambaa cha karatasi. Kila siku kulikuwa na vigari vilivyobandikwa jina la Kopenhagen. Nimewalisha watu wengi sana waliokwenda kwenye mji wa dada yangu.

Sisemi kuwa mimi sikwenda. Nilikwenda mara tatu. Ya kwanza alipofariki shemeji, ya pili binti yake alipoolewa, ya tatu yeye mwenyewe alipopasuliwa goti. Na yeye alikuja London mara mbili, mwanangu wa kiume alipooa na mume wangu alipofariki. Safari zote hizo nyumba imejaa watu, na sisi wawili tumo jikoni na masufuria ya kuazima, jasho linatutiririka, hatupati hata nafasi ya kuulizana hali kwa kituo. Safari zetu sisi ndizo hizo: maziko, harusi, mgonjwa. Mtu mzima kupanda ndege kwenda kukaa tu, kutazama maji na kunywa kahawa, hayo nilihesabu ni mambo ya Wazungu, na niliyacheka kwa sauti.

Aliyenitia fikira hiyo ni yeye. Ilikuwa siku tulipoondoa tanga la mume wangu. Watu wameshakwenda zao, yeye anaosha sufuria kubwa la pilau na mimi nafuta. Akasema bila kunitazama:

"Mdogo wangu, hebu siku moja njoo kwangu bila msiba."

"Na harusi?"

"Harusi pia siitaki. Njoo tu. Njoo tutembee."

Nikamwambia inshallah. Ile inshallah yangu ilikuwa ya kumtoa mtu mlangoni, naona haya kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ilikaa miaka saba.

Neno hilo la kutembea lilikuwa lake tangu utotoni. Wiki nzima kabla ya Idd, akinisuka uani, alikuwa ananipangia matembezi yetu ya sikukuu, mstari kwa mstari, kama mtu anayesomesha. Kwanza tutakwenda kwa shangazi Malindi, tukapewe senti za mkono wa sikukuu. Halafu kwa bibi Kikwajuni, ila hapo tusikae sana maana atatulisha mpaka tushindwe kutembea. Halafu Mnazi Mmoja, bembea mara mbili, si tatu, ya tatu utatapika. Halafu tutanunua kitu kitamu, tutafute pahala penye kivuli, tukae.

"Tukae tufanye nini?" nilimuuliza kila mwaka.

"Tukae tu."

Na siku ya Idd ilipofika, ilikuwa vivyo hivyo. Sijapata tena maishani mwangu siku zilizopangwa vizuri kama zile.

Nilipostaafu nilibaki na binti yangu, yule mdogo, ambaye huja kwangu kila Jumamosi. Amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, hata pale ambapo ningependa asisikie, lakini kujibu hujibu kwa Kiingereza, na akijitahidi sana anakidondoshea maneno mawili matatu ya Kiswahili kama mtu anayetia chumvi kwa woga. Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja aliniuliza nataka zawadi gani kwa kustaafu. Nikamwambia sitaki kitu, nina vikombe vya kutosha. Akaniuliza tena. Nikiwa nimeudhika, nikasema:

"Nataka kwenda kwa mama yako mkubwa. Bila sababu yoyote. Nikakae siku nne nirudi."

Alipiga ukelele. Akafungua kompyuta yake pale pale juu ya meza ya jikoni, katikati ya maganda ya mbatata, akaanza kunionyesha mahoteli yenye madirisha yanayotazama maji. Nilimwambia hoteli ya nini na dada yangu ana nyumba. Akasema hoteli ni ya kulala, kwa dada ni pa kushinda, na kwamba nikilala kwa dada nitaamka alfajiri nikapike. Hapo alinipata.

Tulipanga safari ile kwa wiki nzima, na tuligombana kila siku ya wiki hiyo. Mimi niliandika orodha ya vitu vya kumpelekea dada: achari ya embe ya duka ninalonunua Queensbury, unga wa mchele, samli, pilipili ya kusaga, ubani, kanga doti mbili. Binti akaisoma, akaishika kichwa chini miguu juu, akairudisha.

"Mama, please. Hii si holidei, hii ni kontena."

Yeye naye aliandika ratiba yake, na nilipoisoma ilikuwa karibu tupu. Asubuhi, kuamka tutakapoamka. Mchana, kutembea kando ya maji. Jioni, kukaa. Nikamuuliza ratiba gani hii, mbona haina kitu. Akasema ndiyo maana yake hiyo, mama, kutokuwa na kitu. Nikamrudishia ratiba yake, maana nilikumbuka mtu mwingine aliyewahi kunijibu hivyo.

Mambo mawili niliyashikilia mimi, na kila moja nalikumbuka mpaka sauti niliyolisemea. La kwanza ni mwezi. Binti alisema tuondoke Januari au Februari, kumepoa, ndege zina nafasi. Nikasema nimekaa na baridi ya London miaka yote hii, sitakwenda kuitafuta nyingine kwa watu. Tutakwenda mwezi wa sita, maua yametoka na mtu anaweza kukaa nje bila kuvaa blanketi. La pili nililisema nimemnyooshea kidole.

"Na mama mkubwa asijue. Asijue yeye wala mtu yeyote."

"Kwa nini? Si atafurahi?" akauliza kwa Kiingereza chake.

"Safari haitangazwi."

Akageuza macho juu, lakini nilimwapisha, akaapa. Zaidi ya jicho la watu, nilikuwa na langu jingine moyoni. Nilitaka kugonga mlango wa dada ghafla. Anifungulie ashtuke, mkono uende kifuani, maana kwa miaka yote hiyo mimi na yeye hatukugongeana mlango ila kwa habari nzito. Na hapo nimwambie sentensi niliyokuwa naifanyia mazoezi nikiosha vyombo: "Hodi, dada. Safari hii hajafa mtu."

Basi tiketi zikakatwa, za mwezi wa sita, na mimi nikaingia msimu wa baridi nikiwa na siri tamu.

Kila Jumapili baada ya sala ya adhuhuri tulikuwa tunazungumza kwa simu, mimi na dada. Zamani mazungumzo yake yalikuwa ya watu: nani kaoa, nani kaachwa, nani kajenga Fuoni na pesa kazitoa wapi. Msimu ule wa baridi akageuka. Akaanza kunieleza mji wake. Alikaa pale miaka arubaini hajawahi kunitajia hata mtaa mmoja, na sasa ananihadithia kama mtembeza watalii.

"Huku mwezi wa sita jua halina adabu, mdogo wangu. Saa nne za usiku lipo tu linakutazama."

Jumapili nyingine alinieleza duka la mikate lililo pembeni mwa mtaa wake. "Wanatia iliki, hawa. Wallahi. Ukipita asubuhi utasema kesho Idd. Mwambie akupe iliyotoka sasa hivi, usikubali ya jana."

Na nyingine: "Ukitoka hapo unashika njia moja kwa moja mpaka majini. Usivuke daraja. Kunja kulia. Kuna mabenchi. La kwanza wanakaa walevi, la pili lina mti juu yake na ndege wanakunya. Wewe kaa la tatu. Hapo mabata maji yanakuja mpaka miguuni."

Nilicheka peke yangu na simu sikioni. Masikini, nikisema moyoni, hajui kama nakuja, na ananielekeza kila kitu. Nilichukua bahasha kuukuu ya bili ya gesi nikawa naandika nyuma yake: mkate wa iliki, usivuke, kulia, la tatu. Nikaibana chini ya kopo la sukari. Nilimtania kuwa uzee umemfanya apende kusema. Naye alicheka, na kucheka kukamletea kikohozi.

"Mbona unakohoa hivyo?"

"Mafua tu. Baridi ya huku unaijua."

"Umekwenda kwa daktari?"

"Nishakwenda. Kanipa dawa. Haya, na wewe presha yako?"

Kila neno alilonijibu lilikuwa kweli, isipokuwa lile la mafua.

Katikati ya Januari binti yangu alinijia siku ya kazi, si kawaida yake. Hakuvua hata koti. Akasema tubadilishe safari, twende Februari, yeye amepata likizo. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, ila mwezi wa sita ni mbali. Nikamwambia mbali ni Mwanza. Akasema, "Mama, please, twende tu." Na mimi nikapandisha hasira. Nikamwambia amezoea kubadilisha mambo dakika ya mwisho, hii ni safari yangu, ya kwanza ya raha tangu kuzaliwa, na siku nne za giza na theluji si raha, ni adhabu. Nikamwambia kama ana haraka aende peke yake. Aliniaga pale pale mlangoni akaondoka. Niliona nimemshinda.

Mwisho wa Machi, asubuhi, simu ikalia, ni binti wa dada.

"Mama mdogo, uko na nani hapo?"

Mtu wa kwetu akikuuliza hivyo kabla ya salamu, ushajua. Nilimjibu niko peke yangu. Akaniambia, basi kaa kitako. Nilikaa sakafuni, kiti kilikuwa mbali. Akaniambia dada amefariki alfajiri ile, mapafu, na aliumwa tangu mwezi wa kumi. Nikamuuliza mbona hamkuniambia. Akasema yeye mwenyewe aliwakataza: mdogo wangu ana presha, na yuko peke yake, msimtie wasiwasi, akija mwezi wa sita tutajua la kufanya. Neno hilo la mwezi wa sita lilinipita, sikulisikia. Nilikuwa nalia.

Nilipanda ndege siku iliyofuata, na begi la nguo mbili. Niliwahi maziko. Nyumba ilijaa watu, masufuria yakaazimwa, pilau likapikwa, na mimi nikaingia jikoni kama kawaida. Jioni ya siku ya tatu niliosha sufuria kubwa peke yangu. Sikutoka nje ya nyumba ile hata kwenda dukani. Mji wa dada niliuona kupitia kioo cha gari, kama nilivyouona mara zote.

Niliporudi London nilimwambia binti yangu afute tiketi za mwezi wa sita. Akaanza kulia, kilio cha mtoto mdogo, na mwanamke mwenyewe ana miaka thelathini na nne. Kisha akanieleza kwa Kiingereza chake, taratibu, akiyatazama mapaja yake.

Dada alijua. Alijua tangu wiki ile ile tulipokata tiketi. Binti alimpigia, kwa sababu hakuona maana ya kumficha mtu jambo la kumfurahisha. Dada alifurahi sana, na baadaye akamwambia na la kwake, kwamba anaumwa, na maradhi yenyewe si ya kupona. Akamwapisha. Asiniambie kuwa anaumwa, na asiniambie kuwa ameijua safari. "Mwache mama yako apange," alimwambia. "Maisha yake yote hajapanga kitu cha raha. Mimi nitajitahidi nifike mwezi wa sita." Januari madaktari waliposema hatafika, binti yangu alikuja kwangu na koti lake, akanisihi twende Februari.

Sikuwa mtu mwema siku hiyo. Nilimwambia mwanangu maneno ambayo mama hamwambii mtoto. Nilimwambia aliapa viapo viwili, akavunja changu, na kile cha dada, ambacho ndicho angekivunja, akakishika. Nilimwambia ameniibia dada yangu. Aliondoka, na Jumamosi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata.

Nilijua hata wakati ninasema kwamba si yeye. Aliniletea Februari mpaka mlangoni kwangu na mimi nikaikataa kwa sababu ya baridi. Na ningemwambia dada mwenyewe, kwa mdomo wangu, nakuja mwezi wa sita, asingekuwa na siri yangu ya kuilinda, angeniambia njoo sasa. Nililikimbia jicho la watu, nikamficha mtu mmoja tu duniani aliyenitakia safari ile.

Wiki ya tatu niliinua kopo la sukari nilifute, na ile bahasha ikanibandukia mkononi. Niliisoma nimesimama. Kwanza mkate wa iliki, uliotoka sasa hivi. Halafu moja kwa moja mpaka majini, usivuke. Halafu kulia. Benchi la tatu. Kaa. Niliisoma mara ya pili nikaisikia sauti yake na mikono yake kichwani mwangu, uani, wiki ya Idd. Hakuwa amegeuka mwenye maneno mengi. Jumapili zile zote, akiwa hana pumzi, alikuwa ananipangia matembezi, akijua kuwa nitayatembea mwenyewe.

Nilimpigia binti yangu. Aliposhika simu nikamwambia, "Tiketi zile usizifute." Nikamwambia na la pili, ambalo mzazi wa kwetu halisemi kwa urahisi, nikamwomba radhi.

Tulikwenda mwezi wa sita. Begi langu lilikuwa jepesi, halikuwa na achari wala samli. Pale uwanja wa ndege afisa wa pasipoti aliniuliza nimekuja kwa shughuli gani, na kwa mara ya kwanza sikuwa nayo. Binti akanijibia kuwa tumekuja kutembea.

Asubuhi ya kwanza tuliamka tulipoamka. Duka la mikate lilikuwa pale pale pembeni mwa mtaa wa dada, na harufu ya iliki tuliipokea kabla hatujafika. Nilinunua mitatu, nikauliza kama imetoka sasa hivi, na yule msichana akacheka. Tukashika njia moja kwa moja mpaka majini, hatukuvuka, tukakunja kulia. Benchi la kwanza lilikuwa na mzee mmoja na chupa yake. La pili lilikuwa jeupe kwa ndege. La tatu lilikuwa tupu.

Nilikaa pembeni kabisa, binti akakaa upande wa pili, na katikati yetu nikauweka mkate wa tatu kwenye karatasi yake. Mabata maji yalikuja mpaka miguuni, kama alivyosema. Nilikuwa nimejiambia sitalia kwenye mji wa watu. Nikautazama ule mkate, na ile sentensi yangu ya jikoni ikatoka yenyewe.

"Hodi, dada," nikasema. "Safari hii hajafa mtu."

Binti yangu, ambaye hajawahi kunijibu kwa Kiswahili kitupu tangu aanze shule, aliniwekea mkono begani akanijibu.

"Karibu," alisema. "Karibu, mdogo wangu. Kaa."